Mitandao ya kutafutana na mliosoma pamoja inatuchezea, tuseme ukweli

Wakuu, heshima kwenu. Mimi nimechoka na hii mitandao inayojinadi kuwa itakukutanisha na wenzako wa shule.

Baba wa mchezo ni Classmates ya Marekani, iliyoanza 1995. Kujiunga bure, ila ukitaka kujua nani kapitia ukurasa wako, lipia. Mwaka 2008 mteja aliwashtaki: aliambiwa wenzake wanamtafuta, akalipa, akakuta hakuna mtu. Mwaka 2015 wao na FTD, kampuni ya kuuza maua, wakakubali kulipa dola milioni 11 kumaliza malalamiko ya majimbo 22, yakiwemo ya usajili unaojirudia na kukata hela kwenye kadi. Na shule zao nyingi ni za Marekani! Mtu wa Tabora anaweka kadi yake huko kutafuta nini?

Friends Reunited ya Uingereza ilianza 2000, ITV (televisheni ya hukohuko Uingereza, si hii yetu) wakainunua 2005 kwa pauni milioni 120, ikafungwa 2016. Orodha za madarasa zikaondoka nayo.

Inabaki Facebook, ambako watu wetu wapo kweli, lakini jina la shule kila mtu anaandika lake. "Pugu Sec", "Pugu High School", "Pugu Secondary", na wazee wanaoandika St. Francis, jina la zamani la shule ileile. Ukitafuta jina moja umewakosa wengine wote. Kwa hiyo andika jina la shule, bonyeza Watu, chuja kwa elimu, kisha rudia kwa kila namna shule inavyoitwa. Dada zetu wengi wamechukua majina ya waume, hivyo tafuta jina la kwanza na shule, la ukoo acha. Ukimpata, ujumbe wako unaangukia kwenye maombi ya ujumbe, na wengi hawafungui huko kabisa. Sentensi ya kwanza itaje shule, mwaka wa kumaliza na bweni, la sivyo atakuona tapeli.

LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, inafaa kwa chuo tu: fungua ukurasa wa chuo, sehemu ya wahitimu, weka miaka. Kwa shule ya msingi usijisumbue.

Sasa WhatsApp, na hapa hasira zangu ni kwa maadmin. Kiungo cha kundi kinatupwa hadharani, anaingia asiyejulikana, anaona namba za watu mia tatu, kesho anachangisha msiba hewa kwa jina la mwenzenu! Na mpangilio wa admin kuidhinisha wanaojiunga upo, ni kuuwasha tu. Anayeomba kuingia aulizwe mkondo wake na mwalimu wa darasa. Michango iende kwa namba ya mweka hazina mmoja ambaye jina la usajili limethibitishwa kwa kumpigia simu. Kiungo kikishavuja, kibatilishwe siku hiyohiyo. Admin akikataa, toeni namba zenu humo na mfungue kundi jingine.