MREJESHO: Ule ukungu chumbani kwa watoto

Habari zenu wakuu. Mwezi wa nne, masika yamekolea, niliwaomba ushauri: ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu mweusi, mdogo anakohoa usiku kucha, na fundi ananiambia nipake rangi ya mafuta yaishe.

Rangi nilipaka, nakiri. Wiki tatu tu ikavimba kama chapati, ukibonyeza inatoa maji. Aliyesema "tafuta kwanza maji yanatoka wapi" ndiye aliyepatia. Bomba la bafuni lilikuwa linavujia ndani ya ukuta, na mimi upande wa pili nimebananisha kabati la nguo, hewa haipiti kabisa. Tulipolivuta, mgongo wake wa plaiwudi ulikuwa umeota manyoya ya kijani, unanuka kama gunia la mahindi yaliyolowa.

Bomba likabadilishwa, tukabandua plasta mpaka tofali (barakoa usoni, watoto kwa bibi yao Morogoro), tukaacha ukuta ukauke wiki mbili. Godoro nililitupa. Mama watoto alinuna, lakini lile halioshiki.

Daktari alisema mtoto ana pumu na ukungu ulikuwa unaichochea, akampa dawa ya kuvuta. Pumu haijaondoka, pampu bado ipo kwenye begi lake, ila mwezi huu hajaiomba usiku hata mara moja.

Mwenye nyumba? Kakubali kukata nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Saruji kasema nijitegemee.