Ukaguzi wa daluga kabla ya mechi: tunalinda miguu au tunatimiza ratiba?

Wadau wa soka la mitaani hapa Mwanza, naandika nikiwa na hasira.

Jumamosi iliyopita, kwenye kiwanja kimoja cha upande wa Ilemela, mwamuzi aliwapanga wachezaji mstari mmoja na kuwakagua wote kwa muda usiozidi dakika mbili: kila mmoja aliinua mguu, akagongwa ugoko kwa kalamu, akapita. Kijana mmoja alirudishwa avue pete, na hilo sina ugomvi nalo, kwa kuwa Sheria ya 4 ya soka, inayohusu vifaa vya wachezaji, inakataza mapambo yote, hata yakifunikwa kwa plasta. Lakini beki wa timu pinzani, ambaye daluga zake za mtumba zilikuwa na jino la chuma lililolika upande mmoja hadi likawa na makali kama kisu cha kuparia sato, alipita bila swali. Kabla ya mapumziko, mdogo wangu alikuwa ameshachanwa ugoko, juu kidogo ya kipande cha boksi alichochomeka ndani ya soksi badala ya kikinga. Boksi hilo nalo lilikuwa limegongwa kwa kalamu na kukubaliwa! Ameshonwa nyuzi sita.

Nilipomfuata mwamuzi, alinijibu kwamba tangu toleo la sheria la 2024/25, ukubwa na ufaafu wa vikinga ugoko ni jukumu la mchezaji mwenyewe. Ni kweli, na kwa boksi lile lawama ni yetu. Je, jino la daluga ya beki yule nalo ni jukumu la mdogo wangu? Sheria hizo hizo zinataka kila mchezaji akaguliwe kabla ya mchezo, na wa akiba kabla ya kuingia. Wa akiba watatu waliingia siku ile bila kutazamwa hata kamba za viatu.

Wapo wanaosema ukaguzi ufutwe, nahodha atie saini tu. Sikubaliani nao, kwa sababu nahodha mwenye wachezaji kumi na mmoja kamili hawezi kumvua beki wake viatu. Na si viatu tu ambavyo havikukaguliwa: magoli yenyewe, ya mabomba, yalikuwa yameegemezwa kwa mawe mchangani, wakati Sheria ya 1 inataka yafungwe imara ardhini, na hakuna aliyeyatikisa.

Naiomba kamati ya ligi iagize mwamuzi apitishe kidole kwenye kila jino la daluga, hata kama mechi itachelewa dakika kumi. Timu ile inacheza tena Jumamosi hii, na jana jioni nimemwona beki huyo mazoezini na daluga zilezile.