Tupeane uzoefu: mliowatafuta wazee wenu wa Zanzibar kwenye makaratasi ya zamani, mlikuta nini?

Kitukuu wa Wete: Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Harusini juzi mashangazi zangu wawili nusura wamwagiane pilau. Mmoja anasema babu yao katoka Sumail, Oman. Mwengine anasema katoka Songea. Na hao tumbo moja! Mliokwisha kuingia kwenye kazi hii ya kutafuta nasaba, mtu huanzia wapi?

KarafuuKavu: Anzia kwa bibi yako kabla hajenda zake. Makaratasi yatakungoja, yeye hakungoji.

Mwana wa Chwale: Kweli kabisa. Wa kwetu kaondoka na ukoo mzima kichwani.

Maalim Mstaafu: Kijana, usitafute jina la babu, tafuta jina la shamba. Kina Abdalla bin Salim wako tele, lakini shamba lina jina lake na mipaka yake. Mashamba mengi ya mikarafuu yaliwekwa rehani kwa Wahindi, na hati hutaja mwenye shamba, babake, na majirani pande zote nne. Baada ya hapo tafuta majalada ya mirathi na hati za wakfu, kwa sababu wakfu wa dhuria, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya kizazi cha mtu, huwataja watoto kwa majina. Nenda Nyaraka, yanakohifadhiwa makaratasi ya zamani ya serikali, Kilimani mjini Unguja. Na tarehe zisome vizuri: ukikuta 1315 hiyo ni Hijria, yaani 1897 kuingilia 1898. Nimeshaona shajara ya ukoo ambayo babu kaishi miaka mia sita.

Eka Tatu: Samahani, swali la pembeni. Nikiipata hati ya shamba la babu naweza kulidai?

Maalim Mstaafu: Ardhi ilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba yakakatwa watu wakagaiwa eka tatu tatu. Jina ulilojipa hapa linakujibu.

Eka Tatu: 😂😂 Basi sina haraka.

BintiMalindi: Mie sikutaka kuandika, lakini hilo la mashangazi limenitonesha. Kwetu tumekua tukiambiwa mamake bibi alikuwa yatima, mamake alikufa wakati wa kumzaa. Mimi nilikwenda Kilimani kwa jambo la nyumba tu, nikaletewa jalada la mirathi la mzee mwenye nyumba. Karatasi zimeingia rangi ya chai, pembeni zimeliwa na mdudu, Kiarabu juu na maelezo ya karani wa Kiingereza chini. Warithi wameorodheshwa. Jina la mtoto wetu, yaani huyo mamake bibi, nikalikuta, na mbele yake: mama yake suria, Mnyasa. Yaani mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake, katoka upande wa Ziwa Nyasa.

Moyo ukanipiga, nikaendelea kufukua. Mnajua sheria ya 1897 ya kufuta utumwa iliwaacha masuria nje, ati wahesabiwe kama wake. Mpaka 1909 ndipo na wao wakaruhusiwa kudai uhuru wao, lakini akiondoka bila ridhaa ya bwana haki ya kukaa na watoto inampotea. Kumbe yule suria aliondoka. Mwaka uliofuata kapeleka maombi kwa hakimu, anataka kumuona mwanawe. Makaazi yake yameandikwa: Ng'ambo. NG'AMBO jamani! Si ng'ambo ya bahari, ni mtaa wa hapa hapa mjini Unguja; kutoka kwetu mtaa wa Malindi mpaka hapo unavuka Darajani tu. Yeye yuko upande wa pili wa maji, na mtoto anaambiwa mamako kafa.

Nikasoma nyumbani siku ya Idi. Amu yangu mkubwa kainuka, kachukua kofia yake, katoka. Mpaka leo salamu yake kwangu ni ya mdomo tu.

Tausi wa Tumbatu: Ya Rabbi. Nimelia kazini.

Mwana wa Chwale: Maombi yalijibiwa vipi? Aliruhusiwa?

BintiMalindi: Jibu halimo. Karatasi inayofuata ni risiti ya makuti.

KarafuuKavu: Nawe Idi yote hiyo ukaona siku ya kusomea ndiyo hiyo? Wazee walisitiri kwa sababu. Kuna watu watawacheka watoto wenu, kwamba mtoto wa suria hana urithi.

Maalim Mstaafu: Hapo umekosea, bwana. Babake akimkubali ni mtoto kamili, anarithi sawa na wenzake. Watoto wa Sultani Seyyid Said waliobaki nyuma yake wote wamezaliwa na masuria, na ndio waliotawala nchi hii. Nani aliwacheka?

KarafuuKavu: Sheria najua, Maalim. Mie nasema midomo ya watu.

Tausi wa Tumbatu: Midomo ya watu ndiyo iliyomuua mama wa watu akiwa hai.

KarafuuKavu: Haya, nishanyamaza.

Mtu wa Makunduchi: Niwapunguzie joto. Babu yangu Mhadimu wa kuzaliwa, mwenyeji wa kusini Unguja, kizimkazi-kizimkazi. Ikaja vita ya Hitler, chakula kikagaiwa kwa kabila: Mwarabu na Muhindi mchele, Mwafrika mahindi. Babu kaenda mjini Jumatatu, kurudi tayari ni Mwarabu. Kadi ya mgao tunayo mpaka leo. Kwa hivyo Kitukuu, ukikuta "Mwarabu" kwenye karatasi ya miaka ya 1940, uliza kwanza bei ya mchele.

Mwana wa Chwale: 🤣🤣 Babu kafanya la maana.

Jirani wa Mkunazini: Kama upande wa Songea ndio wa kweli, msiwasahau wamisheni. Watumwa waliokamatwa kwenye majahazi na manowari za Waingereza wengine walipelekwa Mbweni kwa wamisheni hao. Ulizia rejesta za ubatizo. Tabu yake, jina lililobatizwa si alilokuja nalo.

Eka Tatu: Si upime DNA tu yaishe?

Tausi wa Tumbatu: Pima. Utaletewa binamu wa Muscat anayetaka kuja kulala kwako mwezi mzima.

Kitukuu wa Wete: Ahsanteni. BintiMalindi, dada yangu, hicho Kiarabu ulisomaje? Mie nimeishia chuo cha Kurani, khati ya mkono inanishinda.

BintiMalindi: Sikusoma mie, alinisomea mzee mmoja aliyekuwa meza ya pili, kwa hisani yake. Jumatatu nakwenda tena kulitafuta lile jibu. Ukija twende pamoja, uje na jina la shamba na kalamu ya risasi, wino uwache nyumbani.