Larry Holmes alipigana na waliostahili, au alijichagulia vibonde?

Kamba ya Tatu

Wakuu, ubishi huu hurudi kila uzito wa juu wa miaka ya 1980 unapotajwa. Bondia Larry Holmes alichukua mkanda wa WBC, mojawapo ya vyama vinavyotoa ubingwa wa dunia wa ngumi, kwa Ken Norton tarehe 9 Juni 1978 na akabaki juu mpaka Michael Spinks alipomshinda tarehe 21 Septemba 1985. Katikati hapo anahesabiwa kuutetea ubingwa mara 20 mfululizo. Katika uzito huo aliyemzidi ni Joe Louis tu, mwenye 25.

Wanaomlaumu wana hoja mbili. Kwanza, kwenye orodha yake kuna Lorenzo Zanon, Scott Frank na Marvis Frazier. Pili, hakuna John Tate, Gerrie Coetzee, Michael Dokes, Greg Page wala Pinklon Thomas. Wanaomtetea hujibu kwamba wanne aliowapiga, yaani Mike Weaver, Trevor Berbick, Tim Witherspoon na James "Bonecrusher" Smith, walikuja kuwa mabingwa wa dunia baadaye, kwa hiyo hawakuwa vibonde.

Naomba tuende pambano kwa pambano. Nani alistahili siku ile, na kama hakustahili, ni nani aliyekuwa huru kupigana badala yake?

Meza ya Majaji

Mkuu, swali lako la mwisho ndilo la msingi, na hapo ndipo wengi huteleza. Hoja ya "walikuja kuwa mabingwa baadaye" haipimi kustahili. Inapima kipaji. Bondia anastahili kwa aliyoyafanya kabla ya kengele, si kwa yatakayokuja.

Ninavyopima ni hivi. Chukua tarehe ya pambano, rudi nyuma kama miezi 18, uangalie mpinzani amempiga nani ndani ya muda huo na amepigwa na nani. Halafu tafuta waliokuwa juu yake. Katika hao ondoa mwenye mkanda mwingine, aliyetoka kupoteza karibuni, na aliyekwisha kupigwa na bingwa huyohuyo. Akibaki mtu, bingwa ana deni. Asipobaki, lawama haina pa kukaa.

Tuanze na miaka miwili ya kwanza. Norton alikuwa na haki ya marudiano, maana alipoteza kwa pointi moja tu: majaji wawili walimpa Holmes 143-142, wa tatu akampa Norton kwa hesabu hiyohiyo. Lakini tarehe 23 Machi 1979 Norton alimalizwa na Earnie Shavers raundi ya kwanza. Deni likahamia kwa Shavers, na Holmes alililipa tarehe 28 Septemba mwaka huohuo. Lilikuwa pambano la hatari kweli: raundi ya 7 Shavers alimwangusha kwa konde la kulia ambalo wengi wasingeinuka baada yake. Holmes akainuka na kumsimamisha raundi ya 11. Tena alikuwa amekwisha kumshinda kwa pointi Machi 1978, kabla hajawa bingwa. Angeweza kusema "huyu nimemaliza naye" na pasingekuwa na wa kumlaumu.

Osvaldo Ocasio huwa anadharauliwa kwa sababu alikuwa na mapambano 13 tu. Tazama aliyempiga: Jimmy Young, mara mbili mfululizo. Young ndiye aliyemshinda George Foreman mwaka 1977. Ocasio alistahili.

Weaver siku ile, 22 Juni 1979, hakustahili. Rekodi yake ilikuwa ushindi 19 na vipigo 8. Kwamba alimsumbua Holmes hadi raundi ya 12 pale Madison Square Garden, na kwamba miezi tisa baadaye alimwangusha Tate raundi ya 15 na kuchukua mkanda wa WBA, chama kingine cha ubingwa, ni sifa yake Weaver. Haifanyi uteuzi wake wa Juni 1979 kuwa sahihi.

Ngumi Jiwe

Nakubaliana na kipimo, ila umepita haraka kwenye mwaka 1980. Zanon mwezi Februari, Leroy Jones mwezi Machi, Scott LeDoux mwezi Julai, Muhammad Ali mwezi Oktoba. Mapambano manne ndani ya miezi minane, na hakuna hata mmoja ambaye kwa kipimo chako angekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Zanon alikuwa bingwa wa Ulaya, sawa, ana cheo cha kuonyesha. Jones alikuwa hajapoteza. LeDoux alikuwa ametoka sare na Norton Agosti 1979, na hilo ndilo lililomweka kwenye viwango. Ni mabondia wa kawaida wenye sababu ya kawaida. Bingwa anayepigana mara nne kwa mwaka lazima apate wachache wa aina hii. Joe Louis naye alikuwa nao.

Ali ndiye siwezi kumtetea. Alikuwa na miaka 38, na hakuwa amepanda ulingoni tangu alipomshinda Leon Spinks Septemba 1978. Miezi 18 ya kipimo chako ni mitupu kabisa. Pambano lilifanyika kwa sababu ya jina na fedha, likasimamishwa na kona yake baada ya raundi ya 10, na mtu mwenye kuupenda mchezo huu hawezi kulitazama mara mbili. Anayehesabu waliostahili asimweke Ali humo, hata kama ndilo jina kubwa kuliko yote kwenye orodha.

Ila lisemwe na hili: wapinzani wanane wa kwanza wa Holmes akiwa bingwa, hakuna aliyefika mwisho. Wa kwanza kumaliza raundi 15 naye akiwa anautetea mkanda alikuwa Berbick, Aprili 1981.

Kamba ya Tatu

Hapo kwa Berbick nielewesheni. Mbona naona anatajwa kama mtu wa kujazia nafasi?

Ngumi Jiwe

Wanaosema hivyo wanamkumbuka Berbick wa mwaka 1986 akiyumba mbele ya Mike Tyson. Berbick wa Aprili 1981 alikuwa amemmaliza Tate kwa KO raundi ya 9 pale Montreal, Juni 1980, na Tate alikuwa ametoka kuwa bingwa wa WBA miezi mitatu tu nyuma. Hapo hapo jina la Tate linajibiwa: alishika mkanda kuanzia Oktoba 1979 hadi Machi 1980, akapigwa mara mbili mfululizo, akashuka. Dirisha la kupigana naye lilikuwa miezi mitano, na muda wote huo alikuwa na mkanda wa chama kingine.

Leon Spinks vilevile. Juni 1981 alikuwa na tiketi halali, maana alimsimamisha Bernardo Mercado Oktoba 1980. Doa lake ni kwamba Coetzee alikuwa amemmaliza raundi ya kwanza mwaka 1979, lakini hilo lilikuwa nje ya miezi 18. Renaldo Snipes alikuja Novemba 1981 akiwa hajapoteza, miezi mitatu baada ya kupewa ushindi dhidi ya Coetzee. Ushindi ule ulikuwa na utata, kwa sababu Coetzee alimwangusha mara mbili, lakini viwango hupangwa kwa matokeo yaliyoandikwa. Naye Snipes akamwangusha Holmes raundi ya 7 kabla ya kusimamishwa ya 11.

Kona Nyekundu

Gerry Cooney hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu watu humtaja kama bondia wa matangazo tu. Kabla ya tarehe 11 Juni 1982 alikuwa na ushindi 25 bila kupoteza, na alikuwa amewamaliza Jimmy Young, Ron Lyle na Norton, huyu wa mwisho kwa sekunde 54. Kasoro ni mbili: wote watatu walikuwa wanashuka, na Cooney alikaa miezi 13 bila pambano kabla ya Holmes. Hata hivyo, ukiuliza ni nani mwingine aliyekuwa huru na aliyedaiwa kuliko yeye, hupati. Greg Page? Usiku uleule, kwenye ratiba ileile, Page alipigwa na Berbick kwa pointi.

Na kadi za majaji zinaonyesha Cooney hakuwa pambo. Alinyang'anywa pointi 3 kwa kupiga chini ya mkanda. Kocha wake alipoingia ulingoni raundi ya 13, majaji wawili walikuwa na 113-111 kwa Holmes. Rudisha hizo pointi 3, Cooney anaongoza kwa kadi mbili.

Kuhusu Coetzee na Dokes, wanaosema "aliwakimbia" wasome tarehe 20 Mei 1983. Ulingo mmoja, hoteli ya Dunes, Las Vegas, promota Don King. Holmes alimshinda Witherspoon, majaji wawili kwa mmoja. Dokes, bingwa wa WBA, alitoka sare na Weaver. Page alimpiga Snipes na kujihakikishia nafasi ya mpinzani wa lazima wa WBC, yaani yule ambaye chama kinamlazimisha bingwa kupigana naye. Mabingwa wote wawili na anayefuata kwenye foleni wako chini ya paa moja, na kila mmoja anapigana na mtu mwingine! Promota mwenye mabingwa wawili ana mapambano mawili ya ubingwa ya kuiuzia televisheni kila msimu. Akiwaunganisha anabaki na mmoja. Holmes ana sehemu yake ya lawama, lakini kizuizi kikubwa kilikuwa hapo.

Dokes akapoteza kwa Coetzee Septemba 1983. Mwaka 1984 pambano la Holmes na Coetzee lilipangwa kabisa, likavunjika kwa sababu fedha zilizoahidiwa hazikupatikana. Kwa hiyo Coetzee atolewe kwenye hesabu ya waliokwepwa.

Meza ya Majaji

Sawa, lakini msimtoe Page kwa mlango huohuo. Page ni deni halisi, na ndilo doa langu kwa Holmes.

Mpangilio wa mwaka 1983 uko hivi: Machi alipigana na Lucien Rodriguez, Mei na Witherspoon, Septemba na Scott Frank, Novemba na Marvis Frazier. Rodriguez alikuwa bingwa wa Ulaya. Frank alikuwa hajapoteza. Witherspoon alikuwa na mapambano 15 tu, lakini alimshinda Snipes mwaka 1982, basi alikuwa na hoja. Frazier alikuwa na mapambano 10 na hakuwemo kwenye viwango vya WBC. Ndiyo maana WBC ilikataa kuliidhinisha pambano lile kuwa la ubingwa, na anayehesabu 20 lazima aseme wazi kwamba moja kati ya hizo ni hili. Lilimalizika raundi ya kwanza. Kijana hakuwa tayari, na hilo lilionekana kabla hawajapanda.

Wakati huo Page alikuwa anasubiri. Desemba 1983 Holmes aliuachia mkanda wa WBC na kukubali kutambuliwa na IBF, chama kilichokuwa kipya kabisa. Sababu ya kutoelewana ilikuwa malipo, na bingwa ana haki ya kudai thamani yake. Lakini kwenye daftari la kustahili, mpinzani wa lazima aliachwa na asiyekuwa na kiwango akachukuliwa. Hapo kipimo hakina huruma.

Jambo jingine la kuangalia ni urefu wa mapambano. WBC ilishuka hadi raundi 12 baada ya kifo cha Duk Koo Kim, aliyepigana na Ray Mancini Novemba 1982, ndiyo maana mapambano ya Holmes na Rodriguez na Witherspoon yalikuwa ya raundi 12. IBF ilibaki na 15. Anayelinganisha pambano la Holmes na Witherspoon na lile la Holmes na Carl Williams chini ya IBF kwa kadi za pointi akumbuke analinganisha vipimo viwili tofauti.

Kamba ya Tatu

Basi nikijumlisha hoja zenu napata hivi: waliostahili ni 10, yaani Ocasio, Shavers, Berbick, Leon Spinks, Snipes, Cooney, Witherspoon, Smith, David Bey na Williams. Wa kawaida 7: Alfredo Evangelista, Zanon, Jones, LeDoux, Cobb, Rodriguez na Frank. Wasiostahili 3: Weaver, Ali na Frazier. Nimekosea wapi? Smith, Bey na Williams hamjawajadili, nimewaweka kwa waliostahili kwa kukisia.

Kona Nyekundu

Hesabu iko sawa, na hao watatu wanakaa walipo. Smith alikwenda Wembley Mei 1984 akammaliza Frank Bruno raundi ya 10, na Bruno alikuwa hajapoteza. Williams alikuwa na ushindi 16 bila kupoteza, na alimshinda James Tillis baada ya yeye mwenyewe kuanguka mara mbili. Randall "Tex" Cobb mwache kwa wa kawaida: alimsimamisha Shavers mwaka 1980, lakini akapoteza kwa Norton na kwa Dokes baada ya hapo.

Anayebaki bila jibu ni Pinklon Thomas, bingwa wa WBC kuanzia Agosti 1984. Mikanda ilikuwa imekwisha kugawanyika mitatu, na hilo pambano lingekuwa bora kuliko lolote la miaka hiyo. Sina utetezi wa Holmes hapo.

Ila kwa Page kuna kitu mmesahau. Tarehe 31 Agosti 1984 Bey alimshinda Page kwa pointi, raundi 12. Page akaenda Sun City tarehe 1 Desemba, akammaliza Coetzee na kuchukua mkanda wa WBA. Kwa hiyo Holmes alipomsimamisha Bey raundi ya 10, tarehe 15 Machi 1985, alimsimamisha mtu aliyekuwa amempiga bingwa wa WBA wa siku hiyo miezi sita na nusu tu nyuma.