Elimu ya afya chuo kikuu: mtu anaishia kufanya kazi gani?

Njozi_Njema:
Habari wakuu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya elimu ya afya. Kila ninayemwambia anauliza, "Kwa hiyo utakuwa daktari?" Nikisema hapana, "Basi nesi?" Nikikataa tena, mazungumzo yanaishia hapo. Rafiki yangu kashanitania kwamba nitasota miaka yote hiyo nije kugawa vipeperushi. Mliopita huko, kazini mnafanya nini hasa? Na hesabu zipo? Mimi na hesabu hatusalimiani.

Kitasa:
Anza kuzisalimia. Takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu, hukwepi. Niliwaona walioingia wakidhani ni kozi ya maneno matupu, wakahama kabla mwaka haujaisha.

BibiSindano:
Kitasa, usimtishe mtoto wa watu.

Mimi niko kliniki ya kisukari. Siandiki dawa, na shahada hii peke yake haikupi leseni ya kutibu. Hilo lijue mapema. Kazi yangu inaanza daktari akishamaliza yake. Juzi kaletwa mzee, sukari haishuki ingawa dozi ya insulini imepandishwa. Sikumhubiria. Nilimwambia, "Baba, nionyeshe unavyojichoma." Akafunua tumbo, kidole moja kwa moja pembeni ya kitovu. Palepale kila siku, kwa sababu pameshazoea, hapaumi. Nikapapasa: kinundu kigumu. Insulini ikichomwa kwenye kinundu cha namna hiyo inanyonywa ovyo. Tukachora ramani ya tumbo na mapaja, leo hapa, kesho pale, halafu nikamwomba anifundishe yeye, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Kisha nikamrudisha kwa daktari, maana mtu akihama kinundu, dozi ileile inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Nadharia za darasani usizidharau. Moja inaitwa mfano wa imani ya afya (Health Belief Model), ilizaliwa Marekani miaka ya 1950, watafiti wakijiuliza kwa nini watu hawaendi kupigwa eksirei ya kifua kikuu wakati ni bure. Swali hilo utakutana nalo popote utakapoajiriwa, limebadilisha nguo tu.

Sasa hesabu. Soma habari za shirika la BRAC, Bangladesh, kati ya 1980 na 1990. Wafanyakazi wake walipita nyumba kwa nyumba, kaya zaidi ya milioni 12, wakiwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Malipo yao yalitegemea kile ambacho akina mama walikumbuka walipotembelewa baadaye, si wingi wa nyumba walizopita. Ukiweza kupima hivyo, hakuna atakayekuita mgawa vipeperushi.

Ajira: niliosoma nao wametawanyika. Yupo wa usalama kazini kiwandani, yupo wa chanjo idara ya afya ya umma, yupo anayeandaa vipindi vya afya redioni, na kundi zima limeishia kwenye ufuatiliaji na tathmini katika mashirika. Ukitafuta tangazo lililoandikwa "mwelimishaji afya" pekee utakonda. Tafuta pia uhamasishaji jamii, mawasiliano ya mabadiliko ya tabia, elimu kwa wagonjwa.

Kitasa:
Hiyo ya matangazo ni kweli tupu. Mimi kazi yangu iliandikwa "afisa miradi", na nafanya yaleyale niliyosomea.

Njozi_Njema:
Asante sana dada. Yule mzee sukari ilishuka? Na fildi niombe wapi?

BibiSindano:
Inashuka, ila sehemu mpya zinamuuma, kwa hiyo kaninunia. Fildi omba kliniki au kwenye jamii kabisa, mahali utakapokaa na watu wanaokubishia. Ukipelekwa ofisini utamaliza wiki zote unatoa fotokopi za madodoso.