Mjadala: Somo la "tamaduni za wengine" kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii Ulaya libaki, libadilike au lifutwe?

Mleta mada (Norway)

Habari zenu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nasoma ustawi wa jamii hapa Norway, mwaka wa tatu ambao ndio wa mwisho. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita, naomba tulijadili bila kuoneana haya.

Tuna somo la kuwaandaa wanafunzi kufanya kazi na watu wa tamaduni nyingine. Siku moja tuligawiwa karatasi yenye safu za mabara. Safu ya Afrika ilisema: mtoto hamtazami mkubwa machoni, baba ndiye msemaji wa nyumba, viboko ni sehemu ya malezi. Darasa zima likanakili. Mwenzangu wa jirani akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kama kwetu ndivyo ilivyo. Nikamwambia kwetu msemaji alikuwa marehemu bibi, na babu hakuuza hata mbuzi bila kumshauri. Alinisikiliza vizuri, lakini mistari yake hakuifuta. Ilikuwa inakuja kwenye mtihani.

Mwanafunzi huyo mwakani atakuwa anaandika ripoti inayosomwa na jaji. Ndiyo maana nasema somo la namna hii lifutwe, saa zake wapewe wakalimani na mazoezi ya kuuliza na kusikiliza.

Wengi mmesikia kesi ya Abdi Ibrahim dhidi ya Norway. Kwa asiyeijua: binti wa Kisomali aliyejifungulia Kenya alifika Norway mwaka 2010 na mwanawe mchanga. Mtoto akachukuliwa na idara ya ulinzi wa watoto. Mama akaomba apelekwe kwa binamu zake, au walau kwa familia ya Kisomali au ya Kiislamu. Akapelekwa kwa familia ya Kikristo, na baadaye wakaruhusiwa kumwasili, yaani kumfanya mtoto wao kisheria. Ilipofika hapo mama hakudai hata arudishiwe mtoto, kwa kuwa alishakaa kule muda mrefu. Alichopinga ni kuasiliwa, ili uzi kati yake na mwanawe usikatwe. Tarehe 10 Desemba 2021 Jopo Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya lilisema haki yake ya maisha ya familia ilivunjwa, na haki hiyo waliipima kwa kuzingatia pia uhuru wa dini.

Sasa niambieni, maafisa wale walikosa elimu gani? Kwamba Wasomali wengi ni Waislamu? Walijua, na mama aliwaeleza kwa kinywa chake. Karatasi yenye safu ingewasaidia nini?

Mkalimani wa simu (Ujerumani, mtu wa Mombasa)

Ndugu yangu, hasira yako naielewa. Lakini kwenye kufuta tunaachana njia.

Nimefanya ukalimani miaka tisa. Niliwahi kuitwa kwa mama mmoja wa Bukavu. Kwenye faili lake, afisa aliyetangulia alikuwa ameandika kwamba mama huyu hasemi ukweli: ukurasa mmoja anasema mama yake alishafariki, ukurasa mwingine anasema humpigia mama yake simu kila Jumapili. Sentensi hiyo ilikaa kwenye faili miezi sita, ikimfuata kila kikao. Msomaji yeyote hapa ameshaelewa. Aliyekuwa akipigiwa simu ni mama mdogo. Yule afisa hakuwa mbaya. Hakujua tu kwamba kuna swali la kuuliza hapo. Utaulizaje juu ya kitu usichojua kama kipo? Hapo ndipo nasema lazima mtu afundishwe jambo fulani kabla hajagonga mlango wa watu.

Na mimi mwenyewe sikuwa salama. Mtoto wa familia ya Lubumbashi aliulizwa nyumbani kukoje, akajibu, "Mama alinipika." Kwa sikio langu la pwani nilisikia mambo ya jikoni, nikasubiri aseme alipikiwa nini. Akaongeza kwamba ni kwa sababu alichelewa kurudi. Nikaomba tusimame kidogo, nikamuuliza mtoto anieleze kwa maneno mengine. Kumbe Kiswahili cha kule "piga" huwa "pika". Nilitokwa na jasho. Ningetafsiri nilivyosikia kwanza, kauli ya mtoto ingepotea, na ofisi ingeendelea kuamini imemsikiliza. Ofisi iliomba mkalimani wa Kiswahili, ikapewa. Hakuna aliyeuliza Kiswahili cha wapi.

Mkaazi wa London

Naomba nitoe mfano wa upande wa pili, maana naona tunazungumza kana kwamba hatari ni watoto kuchukuliwa tu.

Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, aliletwa na shangazi wa baba yake, kupitia Ufaransa, hadi hapa London. Alikufa tarehe 25 Februari 2000 kwa mateso ya huyo shangazi na mwanamume aliyeishi naye. Mwili wake ulikuwa na majeraha 128. Maafisa wa ustawi, polisi na hospitali walikuwa wamemwona. Ripoti ya uchunguzi wa Lord Laming ilitoka Januari 2003 ikiwa na mapendekezo 108, na kuna sehemu moja ambayo kila Mwafrika anayesomea kazi hii aisome taratibu. Mtoto alikuwa akisimama wima kama askari mbele ya walezi wake. Palikuwa na dhana kwamba ile ni heshima, ndivyo familia za watu weusi zinavyolea.

Ilikuwa hofu. Hakuna aliyepiga magoti mbele yake akamtazama usoni na kumuuliza kwa lugha yake.

Kwa hiyo mleta mada, karatasi yako ile si kosa dogo la darasani. Mstari wa "mtoto hamtazami mkubwa machoni" unaweza kumnyang'anya mama mtoto asiye na tatizo, na unaweza pia kumwacha mtoto mikononi mwa mtu anayemuua. Mimi niko na wewe: ifutwe.

Niko Uholanzi

Mnalaumu somo, mimi nalaumu mfumo. Hapa familia maelfu zilisingiziwa kwamba zimeiba posho ya malezi ya watoto. Wengi walikuwa watu wenye asili ya nje, na mtu kuwa na uraia wa pili kulitumika kama dalili ya wizi. Watu wakadaiwa pesa wasizoweza kulipa, nyumba zikaenda, ndoa zikavunjika. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa sababu hiyo, na watoto zaidi ya 1,000 wa familia zilizoumizwa na sakata lile waliondolewa makwao. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote kwenye somo la tamaduni na bado akatumwa kugonga mlango wa nyumba iliyofukarishwa na serikali yenyewe, kisha akaandika kwamba wazazi wana msongo wa mawazo. Fundisheni hilo kwanza.

Mama wa watoto watatu (Sweden, kutoka Bukavu)

Mwanangu mleta mada, na wewe wa Mombasa, nawasalimu. Mimi sikusoma sana, niliingia hapa kupitia kambi ya Uganda. Nimesoma yote mliyoandika.

Nataka somo libaki. Nitawaambia kwa nini. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo wake ana mwaka mmoja. Akirudi shule anambeba mgongoni na kitenge, mimi napika. Jirani akaona, akapiga simu. Akaja msichana wa ofisi, mdogo kama wewe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa, akanywa chai. Kisha akaniuliza: "Ulipokuwa na miaka tisa wewe, ulikuwa unafanya nini ukitoka shule?" Nikamweleza: maji, moto, mtoto. Akauliza: "Na kucheza?" Nikanyamaza, maana nilikumbuka sikucheza sana. Tukazungumza saa nzima. Tulimaliza tukikubaliana kwamba binti atambeba mdogo wake akipenda, lakini masomo na kucheza vinatangulia. Hakuandika kwamba namtumikisha. Nilimuuliza haya yote kayatoa wapi, akasema shuleni, mwalimu wao mmoja alikuwa akileta akina mama darasani waeleze maisha yao. Wewe unataka kufuta hicho?

Na jambo la fimbo tusilifiche. Sweden walikataza kupiga watoto tangu 1979. Mimi nilipofika nilielezwa basi, benki, takataka za plastiki na za karatasi, yote. Sheria ya fimbo niliisikia kanisani, kwa mama aliyekuwa tayari ana kesi. Anayefundishwa asiwe mwanafunzi peke yake.

Mleta mada

Shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, na nimempigia dada yangu nikamsomea.

Neno "lifutwe" nalirudisha nyuma. Sikujua kuna mahali somo hilo linafundishwa hivyo, mimi nilipewa karatasi. Ila nataka tuelewane tunatetea nini. Yule binti hakuja kwako na jibu kuhusu Wakongo, alikuja na swali ambalo mtu mwingine asingefikiria kuliuliza. Mjerumani Paul Mecheril aliliita hilo mwaka 2002 kwa neno lake refu, ambalo kwa Kiswahili ningesema umahiri wa kukubali kwamba huna umahiri. Madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, mwaka 1998 walipendelea kusema unyenyekevu, wakakataa wazo kwamba utamaduni wa mtu ni kitu unachohitimu. Nimeyasoma haya maktabani. Mtihani wetu haukuyagusa.

Wa Uholanzi, sina ubishi na wewe, lakini mama hapa ameonyesha kwamba hata ndani ya mfumo mbovu, anayegonga mlango anaweza kuleta tofauti.

Na wa Mombasa, umenigusa. Hapa Norway sheria ya ukalimani ilianza kazi tarehe 1 Januari 2022, na inakataza kutumia watoto kama wakalimani. Ni sheria njema. Lakini katika miaka yangu mitatu sijawahi kufanya zoezi hata moja na mkalimani halisi, seuze kufundishwa kuuliza "Kiswahili cha wapi". Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, niliwaona maafisa wakimtazama mkalimani badala ya mama.

Mkaazi wa London

Hapo kwenye kuleta akina mama: England ilifanya sharti mwaka 2003, shahada mpya ya ustawi wa jamii ilipoanza, kwamba watu waliohudumiwa na ofisi hizi washiriki katika kuwaandaa wanafunzi. Kwa hiyo mkidai, hamdai kitu kigeni. Ila dai malipo. Mtu anaacha zamu yake kazini, anakuja kueleza siku mbaya kuliko zote za maisha yake mbele ya vijana arobaini, kisha anapewa kahawa na asante. Hilo nalikataa.

Mkalimani wa simu

Na mkisema mkalimani aje darasani, aje na faili. Yafutwe majina, wanafunzi wasome ile sentensi ya "mama hasemi ukweli", wajaribu wenyewe kutafuta kosa liko wapi. Nitawapa saa mbili zangu bure mara ya kwanza. Mara ya pili mnilipe.

Mleta mada

Alhamisi ijayo kamati ya mtaala inakaa, na mimi ni mwakilishi wa wanafunzi. Nitapeleka mambo matatu: karatasi ya safu iondolewe, zoezi la mkalimani liwe la lazima kabla ya fildi, na wazazi waje darasani kwa malipo. Mama, nikikutafutia nafasi kwa video kutoka huko, utakubali?

Mama wa watoto watatu

Nitakubali. Lakini binti yangu mkubwa naye aitwe, sasa ana miaka kumi na saba. Yeye ndiye aliyekuwa amebeba mtoto, na siku ile hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza.