Hivi hawa wamiliki, familia ya Glazer, wanatuachia lini Man U yetu?

Mdau wa Kibandaumiza: Wakuu mi nimechoka, nikiingia kibandaumiza napewa pole kabla mpira haujaanza. Msimu wa 2024/25 tumemaliza wa 15, fainali ya Europa kule Bilbao tukapigwa 1-0 na Tottenham ambao kwenye ligi walikuwa wa 17, yaani tumefungwa na waliokuwa chini yetu!! Tatizo ni wamiliki au wachezaji?

Baba Tatu: Wamiliki, unauliza nini. 2005 walinunua timu kwa mkopo halafu deni wakaibebesha klabu yenyewe, sasa miaka yote tunalipa riba na huku paa la Old Trafford linavuja.

Winga Teleza: Acheni kusingizia Glazer kila kitu, hela imetoka sana tu. Antony kanunuliwa zaidi ya pauni milioni 80, kafanya nini? McTominay tukamuona mzigo tukampeleka Napoli, msimu wake wa kwanza tu kabeba ubingwa na tuzo ya mchezaji bora wa Serie A 😂 hapo Glazer anaingiaje

Baba Tatu: @Winga anaingia kwa sababu ndo anaajiri hao wanaosajili. Na huyu mmiliki mwenza Ratcliffe tuliyemshangilia je? Julai 2024 kocha Ten Hag kaongezewa mkataba, Oktoba kafukuzwa na fidia juu, halafu ubahili unaishia kwa wapishi na wafagizi.

Gunner Mtupu: Napita tu wakuu, endeleeni